Mama Aliyeogopa Kufika Mbinguni

Mama alipoanza kuugua moyo tulimleta kwetu Embu. Hospitali iko karibu na mtaa wa Majimbo tunakoishi, lakini kule kwake, kwenye vilima vya juu ya Laare, ukiita gari la wagonjwa asubuhi hufika watu wamekwisha kukata tamaa. Hakupenda kuja. Aliwaacha mbuzi wake kwa jirani, akafunga mlango wa jikoni kwa kufuli mbili, kisha akaketi kiti cha mbele cha gari langu na mkoba mapajani kama mtu anayepelekwa mahakamani. Mke wangu alimpa chumba kinachopata jua la asubuhi. Mimi ni afisa wa mifugo, kazi yangu ni kuzunguka vijijini kuchanja ng'ombe, kwa hiyo mchana mama alikaa zaidi na mke wangu kuliko alivyokaa na mimi. Jumapili tulikwenda kanisani sote watatu, kwa kuwa watoto wetu wako shule za bweni.

Kanisani ndiko nilikoona dalili ya kwanza. Waimbaji walianzisha wimbo wa mbinguni, wa zile nyimbo zinazowafanya watu wafumbe macho na kuinua mikono, unaosema kwamba siku moja tutawaona tena wapendwa wetu waliotangulia. Mama alisimama, akapita kwenye magoti ya watu, akatoka nje. Nilimfuata. Nilimkuta ameegemea tanki la maji nyuma ya kanisa, na kiganja chake kifuani.

"Ni moyo, mama?"

"Ni joto tu. Kule ndani kuna joto."

Ilikuwa mwezi wa saba, na Embu mwezi wa saba ni manyunyu na baridi. Nilikuwa nimevaa sweta na koti juu yake.

Dalili ya pili aliiona mke wangu. Tulikuwa na desturi ya kusali kabla ya chakula cha jioni na kumaliza kwa Baba Yetu. Siku moja mke wangu aliniita chumbani akaniambia, "Sikiliza vizuri mama akisali. Haanzi pamoja na sisi." Nikamwambia mama ni mzee, anavuta pumzi. Lakini jioni ile nilisikiliza. Tuliposema "Baba yetu uliye mbinguni," mama alikuwa kimya, midomo imebanwa. Tulipofika "jina lako litukuzwe," ndipo akaingia, na kutoka hapo hakuruka neno. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Nilianza kukisia, na sikutaka kukisia.

Inabidi niseme habari za baba.

Baba alikuwa mnunuzi wa miraa. Aliingia mashamba ya watu alfajiri, akanunua, akawasimamia wafungaji waliofunga vibunda na kuvifunika kwa majani ya migomba, na kabla ya saa za mchana mzigo ulikuwa umeondoka kwa yale magari yanayokimbia kama yamefukuzwa. Sokoni walimpenda. Alikuwa mcheshi, alijua kuchagua maneno, na akikutana na mzee wa kanisa alivua kofia. Nyumbani alikuwa mtu mwingine, na huyo mwingine tulimjua kwa kikohozi. Alikohoa mara moja tu alipofika kwenye lango, kikohozi kikavu cha mtu anayesafisha koo. Mama alizima redio. Dada yangu alificha kitabu alichokuwa akisoma. Mimi nilitazama mikono yangu kuona kama ina uchafu. Hatukujua kosa la siku ile litakuwa nini, na hilo ndilo lililotutisha zaidi ya fimbo yenyewe. Leo chai ilikuwa moto mno. Kesho ilikuwa imepoa. Siku nyingine mama alikuwa ameonekana akicheka na mwanamke barabarani, na kwa nini alikuwa anacheka, na walikuwa wanamcheka nani.

Siku alipomvunja mama mkono mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nimejibana nyuma ya magunia ya mahindi, na nakumbuka nilimshukuru Mungu kwa ile mvua kwa kuwa ilifunika sauti nyingine. Mkono uliungwa na mzee mmoja wa kijijini, ukapona umepinda kwenye kifundo. Tangu hapo mama alimenya viazi, alikama mbuzi na alisuka vikapu kwa mkono ulioangalia pembeni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, baba alianza kushindwa kumeza. Ugonjwa ulikuwa umemshika kooni. Nilipokuja likizo nilimkuta ameketi juani, amekonda, Biblia imefunguka mapajani. Alikuwa ameokoka. Siku moja alibebwa hadi kanisani, akasimama mbele akishikiliwa na watu wawili, akatoa ushuhuda kwa sauti ya kukwaruza. Alitaja pombe. Alitaja wanawake. Alitaja uongo wa sokoni. Kanisa lilishangilia, akina mama wakapiga vigelegele. Mkono wa mama hakuutaja, na mama alikuwa ameketi safu ya pili, ameuweka chini ya leso.

Siku ya mazishi mhubiri alimgeukia mama mbele ya watu wote. "Mama, usilie," alisema. "Mume wako ametangulia tu. Amekwenda kukutengenezea mahali. Siku utakapofika, wa kwanza kukupokea pale langoni atakuwa yeye." Watu wakaitikia Amina. Mama alikuwa hajalia. Niliona uso wake umebadilika rangi, nikadhani ni uchungu.

Sasa nirudi Majimbo. Baada ya ile Jumapili nilipatwa na mafua. Siku moja nilimaliza kazi mapema, nikafika nyumbani mchana, na nilipokuwa nafungua geti nikakohoa. Nilisikia kitu kikianguka kibarazani. Nilipoingia nikamkuta mama amesimama, mgongo ameubana ukutani, ungo uko chini na njahi, yale maharagwe meusi, alizokuwa anachagua zimetapakaa sakafuni hadi kwenye maua. Macho yake yalikuwa yananitazama lakini hayakunijua.

"Mama, ni mimi."

Alichukua muda kunirudia. Kisha akateremka taratibu, akaketi sakafuni katikati ya zile njahi.

"Nilidhani ni yeye," alisema.

"Baba alikufa, mama."

"Najua alikufa. Si mimi niliyemvika soksi pale mochari? Nilidhani amekuja kunichukua."

Niliketi sakafuni pia. Sura yangu ni ya baba. Nimeambiwa hivyo tangu utotoni, na mashangazi walikuwa wakisema kwa furaha, kama zawadi. Nilitamani kuifunika. Tulianza kuokota njahi, na kwa kuwa macho yetu yalikuwa chini ilikuwa rahisi kuuliza.

"Mama, unaogopa kufa?"

"Siogopi kufa. Naogopa kufika."

"Kufika wapi?"

Alinishangaa kama kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Mbinguni. Si ndiko aliko? Aliokoka mbele ya watu. Mhubiri alisema ananingoja langoni." Aliokota njahi kadhaa, akazipuliza vumbi. "Kama angekufa katika dhambi zake ningejua njia. Ningesema, yeye kule, mimi huku. Lakini alitubu, na Mungu si mwongo, akisema anasamehe anasamehe. Sasa mimi niende wapi? Jehanamu sitaki. Na mbinguni yuko yeye."

Nilimkumbusha wale watu waliomjaribu Yesu kwa habari ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, na jinsi alivyowajibu kwamba katika ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi.

"Nilifundisha shule ya Jumapili kabla hujazaliwa," alisema. "Alisema hawataoana. Hakusema hawatajuana. Na tutafufuka na miili, si hivyo tunavyokiri? Ufufuo wa mwili. Mwili upi basi, kama si huu? Naye atakuja na wake."

Hakuinua ule mkono. Aliutazama tu ulipokuwa umelala juu ya ungo, na mimi nikautazama.

Tangu siku ile hofu yake ilihamia kwangu. Nilikuwa sijawahi kufikiri sana juu ya mbinguni, lakini niligundua kwamba tangu utotoni nilikuwa na picha yake kichwani, na picha hiyo ilikuwa nyumba yetu ileile ya Laare, mama anaimba jikoni, redio inazungumza, na hakuna anayetazama lango. Sasa kila nilipoileta picha hiyo niliona viatu vya mpira vya baba vimewekwa mlangoni. Nilikuwa nikimshika ng'ombe masikio, sindano mkononi, mwenye ng'ombe ananiuliza jambo, nami simsikii kwa sababu nafikiri: kama ni kweli, kama kweli yuko kule ameoshwa na kuvikwa nyeupe, basi siku moja nitasimama mbele yake. Mtu mzima mwenye watoto, na najikuta natazama mikono yangu kuona kama ina uchafu.

Tulimwomba mchungaji wa kanisa letu la pale Embu aje. Alikuwa kijana, Mwembu, hakujua Kimeru, kwa hiyo mama alilazimika kusema naye Kiswahili, lugha aliyoitumia sokoni tu. Niliona jinsi alivyohangaika. Jambo alilolibeba miaka yote hiyo sasa alipaswa kulisema kwa maneno ya kununulia chumvi.

"Pasta, mimi siogopi kifo. Mimi naogopa mzee wangu. Hata kule."

Mchungaji alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akafungua Biblia. "Mama, hiyo ni roho ya kutosamehe. Shetani anaitumia kukuzuia. Lazima umsamehe baba. Neno linasema usiposamehe, Mungu pia hatakusamehe wewe."

"Mimi nilimsamehea yeye," mama alisema. "Siku ile ya kumvalisha nguo. Nilimwambia kwa sikio. Lakini, pasta, kusamehea mtu, na kutaka kukaa na yeye, hiyo ni vitu mbili."

"Kama ungekuwa umemsamehe kabisa, mama, usingeogopa."

Aliomba, akanywa chai, akaenda. Mama alibaki ameketi palepale. Mke wangu alipomletea chakula alikisukuma.

"Sasa ameniwekea moto upande huu na baba yako upande ule," aliniambia.

Alianza kufunga. Alisema anamwomba Mungu amwonyeshe kama bado kuna kitu hajasamehe. Tulimsihi ale, angalau apate kumeza dawa. Alimeza dawa kwa maji matupu. Nilikuwa nikimkuta ameketi kitandani, macho wazi, anapekua moyo wake kama mtu anayepekua nyumba akitafuta nyoka aliyemwona akiingia. Siku ya tatu alianguka bafuni. Mke wangu alinipigia simu nikiwa Runyenjes, nikaendesha gari kurudi mjini huku nikisema kwa sauti, peke yangu, "Usimchukue hivi. Usimchukue akiwa anaogopa hivi."

Hakufa safari ile. Walimlaza wodini, wakamtundikia dripu, akapata nguvu kidogo. Mchungaji alikuja kumwona. Alisimama upande wa miguuni wa kitanda, kofia mkononi.

"Mama, siku ile niliongea haraka," alisema. "Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama yangu, bila kukutaja. Akaniuliza, 'Na wewe umewahi kupigwa?' Nikasema hapana. Akaniambia nirudi."

Mama alimtazama.

"Mimi sijui mbinguni kulivyo," mchungaji akaendelea. "Nahubiri, lakini sijafika. Ninachojua ni kwamba imeandikwa Mungu mwenyewe atafuta machozi. Hawezi kuyafuta huku anaacha yule anayekuliza karibu na wewe, awe hivyo alivyokuwa. Ama atakuwa amebadilishwa hadi usiweze kumwogopa, ama... sijui, mama. Lakini kwamba utafika pale utetemeke, hiyo siwezi kuamini."

"Labda," mama alisema.

Siku ile alikula uji.

Alipotoka hospitali aliniomba nimpeleke Laare. Nilidhani ni mbuzi wanaomsumbua. Tulipofika aliwasalimia mbuzi, akanywa maziwa, kisha akaniambia nimwite baba mdogo, ndugu yake baba, ambaye ndiye mkubwa wa boma sasa na anaishi ng'ambo ya ua. Alipokuja, mama alimshika mkono wa kuamkiana, akatuongoza sote wawili polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache, hadi kwenye kaburi la baba.

Kaburi lile lilijengwa kwa saruji na vigae vya rangi ya maziwa. Pembeni yake kuna nafasi iliyoachwa wazi, na baba mdogo alikuwa ameizungushia maua, kwa heshima. Sote tulijua ni ya nani.

"Hapa sitalala," mama alisema.

Baba mdogo alicheka kidogo, akidhani hajasikia vizuri. "Shemeji, ugonjwa umekuchosha. Twende ndani."

"Akili yangu ni nzima. Siku ya parapanda makaburi yatafunguka, si ndiyo? Nikilala hapa, nikifumbua macho mtu wa kwanza kumwona ni yeye. Nataka nikutane na Bwana Yesu kwanza. Huyu nitakutana naye baadaye, Yesu akiwa amesimama katikati."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayepanga mahali pa kupanda ndizi, lakini kaburi lenyewe hakulitazama. Alielekeza mkono chini ya shamba, kwenye kona iliyo kando ya njia ya kwenda kanisani. Pale. Kichwa kielekee njia.

"Watu watasema nini?" baba mdogo aliuliza. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Mke wa mtu anazikwa kona ya shamba kama mgeni? Watasema ukoo wetu ulikufukuza. Kaka yangu alikukosea nini hata umkimbie akiwa mfu?"

Mama aliinua mkono wake uliopinda, akaushikilia mbele ya uso wake.

"Ulianguka," baba mdogo alisema. "Tuliambiwa ulianguka."

"Haya. Nilianguka," mama alisema, akanigeukia. "Wewe umenisikia. Na yeye amenisikia. Nirudishe ndani."

Baba mdogo alikwenda zake bila kuaga. Jioni alinipigia simu kutoka ng'ambo ya ua, akaniambia kwamba yeye akiwa hai jambo lile halitafanyika, na kwamba mimi ni mtoto, ninaongozwa na hofu ya mwanamke mgonjwa. Nilimwambia kwa heshima kwamba ndiyo, ninaongozwa na hofu, na hofu yenyewe ninaijua.

Tulirudi Embu kwa ajili ya kliniki. Siku zilizofuata mama alikuwa mtulivu zaidi. Aliwahi hata kucheka, mke wangu alipounguza viazi vya mukimo. Kisha asubuhi moja midomo yake ikawa ya buluu, tukamkimbiza hospitalini, na daktari akatuita pembeni akatuambia tuwapigie simu watu wa nyumbani.

Mke wangu alikuwa ameingia kwake kwanza. Mimi nilikuwa nimebaki nje nikimpigia dada yangu, ambaye yuko mbali na hangeweza kufika. Nilipokata simu nikaingia wodini, nikasogeza pazia.

Mama aliniona. Sijui niseme vipi jinsi alivyoniona. Alijivuta nyuma kwenye mto, akainua ule mkono mbovu mbele ya uso, na sauti iliyomtoka sikuwa nimeisikia tangu nikiwa nyuma ya magunia. Alimwita baba kwa jina. Akasema, "Bado. Bado sijafika. Niache kidogo."

"Mama, ni mimi, mwanao," nilisema, na hapo nikaharibu zaidi, kwa kuwa sauti pia ni yake. Alianza kulia.

Mke wangu alinitazama, akanionyesha kwa macho nitoke. Nilirudi nyuma, nikafunga pazia, nikasimama upande wa pili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama yangu alikuwa anakufa umbali wa mkono mmoja kutoka kwangu, na kitu pekee nilichoweza kumfanyia ni kutoonekana. Nilijiziba mdomo nisikohoe. Nilisikia mke wangu akimnong'oneza, akimwambia hakuna mtu, mama, tazama, hakuna mtu, ni mimi na wewe tu. Pumzi za mama zilikuwa fupi na za haraka, kisha ile haraka ikapungua. Nesi alipita, akanitazama nimesimama nimeshika pazia kama mwizi, akapita bila kuuliza. Niliogopa kila kitu pale: niliogopa atakufa, niliogopa atakufa akiwa ameniona mimi, niliogopa kwamba kama sura yangu inafanya hivi hapa, itafanya nini kule.

Baada ya muda nikamsikia anauliza, kwa sauti yake mwenyewe, "Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko hapa, mama," mke wangu alisema.

"Mbona simwoni?"

Sikuthubutu kuingia. Nilipenyeza mkono wangu kando ya pazia, mkono tu, nikaushusha juu ya shuka. Nilingoja autupe. Vidole vyake vilitembea juu ya kiganja changu, vikapita kwenye kovu nililopata nilipoumwa na ndama mwaka wangu wa kwanza kazini, vikashika kidole gumba, vikakaza. Alishika hivyo, kama mtoto anayevushwa barabara. Hakusema tena. Mke wangu aliimba kidogo, wimbo usio wa mbinguni, wimbo tu wa kubembeleza watoto, wa kwao alikozaliwa, na mimi nilisimama nje ya pazia mpaka vile vidole vikalegea.

Kundi la kupanga mazishi kwenye simu lilifunguliwa siku ileile, na siku ileile ugomvi wa kaburi ukaanza ndani yake. Niliandika mara moja tu kwamba mama alichagua mahali mbele ya mashahidi wawili, na kwamba shahidi mmoja ni mimi. Nikaweka simu mfukoni. Nilikuwa tayari kwa vita. Nilipofika Laare siku ya kuchimba, nikiwa na vijana niliowaita, nilimkuta baba mdogo kwenye kona ya shamba kando ya njia. Alikuwa amevua koti, amekwisha kulima majani, na amechora mstatili kwa jembe. Kichwa kilielekea njia. Nilichukua sepetu.

Tulimzika vizuri. Watu walinong'ona, kisha wakala wali, wakaacha kunong'ona. Mhubiri, kwa kuwa nilikuwa nimemwomba, hakumtaja anayengoja langoni. Alisema mama amepumzika, akaishia hapo.

Watu walipotawanyika nilibaki nimeketi kwenye kiti kimoja cha plastiki kati ya vile vilivyokodishwa, na baba mdogo akaja akaketi cha pili. Tuliangalia udongo mwekundu na mashada ya maua. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka juu.

"Unaamini kweli tutafufuka?" aliniuliza.

"Naamini. Sijui kama ninafurahi, lakini naamini."

Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Mimi nilikuwa naogopa kukutana na Mungu," alisema. "Ni kawaida, kila mtu anaogopa. Lakini tangu ainue ule mkono pale kaburini siogopi Mungu sana. Namwogopa yeye. Mama yako. Kwa sababu hakuanguka. Nilikuwa ng'ambo ya ua na nilisikia yote, siku ile na siku nyingine. Niliongeza sauti ya redio." Alijifuta uso kwa kofia. "Nitafika kule, na yeye atakuwa amekaa pale ametulia, mkono wake umenyooka, na ataniangalia. Hataniambia kitu. Unamjua mama yako. Ataniangalia tu."

Nilitaka kumwambia kwamba mama atamsamehe, kwamba aliwahi kusamehe aliyekosa zaidi yake, lakini nilikumbuka alivyosema kwamba kusamehe mtu na kutaka kukaa naye ni vitu viwili, na sikuwa na ruhusa ya kusema kwa niaba yake. Nilitaka pia kumchukia, na hilo nalo halikuja. Alikuwa mzee tu kwenye kiti cha kukodi, na hofu yake niliitambua, kwa kuwa ilifanana na yangu.

"Mimi pia kuna mtu ninayemwogopa kule," nilimwambia.

"Najua," alisema.

Hatukwenda ndani. Kutoka jikoni walituita chai mara mbili. Tulikaa vilevile, bega kwa bega, tukitazama chini ya shamba, mpaka wenye viti walipokuja na pikipiki na mkokoteni wakatuomba tusimame ili wavichukue.